Maji na Wajibu Wake: Imani ya Jina na Imani ya Matendo katika Kinjeketile

Usomaji uliozoeleka wa Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, hulifanya suala la imani kuwa suala la ukweli na uongo. Maji hayakuzuia risasi. Kwa hiyo walioyaamini walidanganyika. Usomaji huo una kasoro ya msingi: unawaweka waumini wote katika kapu moja, ilhali tamthiliya yenyewe inawatenganisha. Wapo wanaoyapokea maji kwa jina tu, na wapo wanaoyapokea pamoja na wajibu wake.

Ili kuubainisha mpaka huo, mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu sakramenti yanatoa kipimo kinachofaa. Kanisa linafundisha kwamba sakramenti hutenda kwa nguvu ya Kristo na si kwa utakatifu wa anayeitoa. Hata hivyo, matunda yake hutegemea pia utayari wa moyo wa anayeipokea. Ndiyo maana mtu anaweza kubatizwa kihalali, jina lake likaandikwa katika kitabu cha parokia, na bado akaitwa Mkristo wa jina. Kipimo hiki kinaweza kuonekana kigeni. Ngarambe, alikotokea Kinjikitile wa historia, imo Rufiji, na kutoka hapo hadi Kibiti na vijiji vya delta wakazi wengi ni Waislamu. Lakini tofauti ya kuitwa muumini na kuwa muumini si mali ya dini moja, na katika Vita vya Maji Maji tofauti hiyo ilikuwa suala la kufa na kupona.

Ushahidi wa kihistoria unalithibitisha jambo hilo. Waliopokea maji walipewa pia miiko: kujizuia na tendo la ndoa wakati wa vita, kutopora mali, na kadhalika. Wapiganaji walipoanguka mbele ya bunduki, baadhi ya walionusurika walieleza kwamba walioanguka walikuwa wamevunja miiko. Maelezo hayo ni rahisi kuyadharau kama kisingizio. Hata hivyo, yanaonyesha kuwa kwa waumini wenyewe maji hayakuwa kinga inayojitegemea, yalidai mwenendo. Hussein hakuijenga migogoro yake juu ya miiko hiyo. Mahali pake ameweka sharti moja kubwa zaidi, umoja wa makabila, na hapo ndipo ustadi wake wa kifalsafa unapoonekana.

Mwanzoni mwa tamthiliya, kinachowazuia watu kupigana si uoga peke yake. Wanajua dhuluma ya shamba la Bwana Kinoo, wanajua njaa inayozungumzwa na Bi Kitunda na Bi Kinjeketile, lakini kila kabila linalitilia shaka jingine. Maji ya Hongo ndiyo yanayowaunganisha. Kwa Kinjeketile, alama na kinachoashiriwa haviachani: anayenywa maji anakubali kuwa ndugu wa yule aliyemshuku jana. Umati unaitenga alama na maana yake. Unataka kinga ya risasi, unaitaka sasa, na subira unayoombwa na nabii wake unaiona kuwa usaliti. Hapa ndipo waumini wa jina wanapopatikana, nao ndio wenye sauti kubwa kuliko wote. Ari yao isichukuliwe kuwa uchaji. Kosa hilo limefanywa na wahakiki, na kabla yao limefanywa na wahusika wenyewe jukwaani.

Kinyume chake, mhusika mwenye imani ya matendo ndiye anayetikiswa na shaka. Kinjeketile anashtuka kwamba katika maneno aliyoyatamka chini ya Hongo imo ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kumwondoa Mjerumani na kuupokea usultani. Muumini wa jina asingeshtuka, kwa kuwa hausikilizi ujumbe. Anasubiri maji tu. Shaka ya Kinjeketile inatokana na kuuchukulia ujumbe kwa uzito. Kwa hiyo, kumwita nabii aliyepoteza imani ni kumsoma haraka mno.

Mabadiliko ambayo mwandishi ameyafanya katika historia yanauimarisha usomaji huu. Kinjikitile halisi alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Hakuyaona maangamizi. Hussein anamrefushia maisha hadi baada ya kushindwa, kisha anamweka kifungoni akitakiwa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa anajua risasi zimeua. Anachokikataa ni kuwaachia watoto wa kesho fundisho kwamba kuipigania nchi yao lilikuwa kosa. Ulinzi wa maji umeanguka. Wajibu wake haujaanguka.

Tukio la Songea linaweza kuwekwa kando ya onyesho hilo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni, na baadhi yao walibatizwa na mmisionari Mbenediktini kabla ya kupelekwa kitanzini. Je, huo ulikuwa ubatizo wa jina? Kipimo cha mwenendo hakina la kusema, kwa kuwa waliobatizwa hawakuachiwa hata juma moja la kuiishi imani yao mpya. Mnyongaji ndiye aliyeamua urefu wa ushahidi. Udhaifu huo wa kipimo unapaswa kukubaliwa, na unagusa tamthiliya pia: umati wa Kinjeketile unahukumiwa kwa papara yake, lakini haukupewa muda. Kinoo hakusimamisha kazi shambani ili watu wa Rufiji wajifunze umoja, na njaa iliyofungua onyesho la kwanza haikuwa imekwisha walipoanza kuyadai maji.