Kisu cha Mfukoni na Usalama wa Njiani

Sokoni Ifakara visu vya kukunja hutandazwa chini pamoja na tochi, kufuli na betri, na kijana anayechagua kimoja huwa na swali lile lile: kipi kitamlinda anapokesha dunguni kuzuia nguruwe wasile mpunga, au anaporudi peke yake usiku? Swali si la mchezo. Katika bonde la Kilombero wengi huhamia mashambani msimu wa kilimo, mbali na majirani na mbali zaidi na polisi. Nimevikagua visu hivyo kwa muda mrefu, nami nitasema ninavyoviona.

Kinachopendwa ni kile ambacho mgongo wake umekatwa karibu na mwisho, ncha ikawa nyembamba kama mwiba. Kinatisha, na hiyo ndiyo sifa yake yote. Kikikwama kwenye mfupa wa mbuzi, ncha huvunjika. Kingine kina makali yaliyonyooka na mgongo unaoshuka kwa mviringo, hakina ncha ya kuchoma. Vijana hukidharau, lakini kwa mvuvi nakiona bora kuliko vyote, maana hukata nyavu bila kumtoboa mwenzake mtumbwini. Vipo pia vyenye meno ya msumeno. Kwenye kamba ya katani ni hodari, ila kuvinoa kwa jiwe ni kazi bure.

Hata hivyo, kwa habari ya kujilinda, ubishi huu wa ncha ni wa kupoteza wakati. Kasoro iko kwenye kiungo. Vingi vya bei nafuu havina kizuizi cha kushikilia bapa. Likisukumwa vibaya hurudi na kuangukia vidole vya mwenye kisu. Kukifungua kwataka mikono miwili na utulivu, na mtu aliyeshtuka gizani utulivu hana. Mpini nao hauna kinga: ukilowa jasho, mkono huteleza hadi kwenye makali.

Linganisha na sime ya Kimasai, iliyopanuka kuelekea mwisho, yenye makali pande mbili, isiyo na kiungo cha kusaliti. Hiyo ni silaha tangu ilipofuliwa. Kisu cha kukunja sicho. Hata kile cha jeshi la Uswisi, nchi ambayo mapadre na watafiti wake wameacha alama kubwa hapa Ifakara, kilipoanza kutumika mwaka 1891 kilikusudiwa kufungua makopo ya chakula na skrubu za bunduki.

Lipo linaloniogopesha zaidi ya vidole kukatika. Mwenye kisu mfukoni hukawia kukimbia. Anabaki kujibizana, na ugomvi wa shamba na malisho mkoani Morogoro tumeona unakofika: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humruhusu mtu kujitetea kwa nguvu ya kiasi inayolazimu tu; aliyemchoma mwizi wa debe la mpunga atapata shida kueleza kiasi hicho mahakamani.

Anayeniuliza mimi, namwambia anunue tochi yenye mwanga mkali na filimbi, na dungu lake alijenge mahali jirani ataisikia. Kisu anunue pia, cha kumenyea muhogo. Achukue kile kisicho na ncha.