Jinsi Eksirei Ilivyopatikana Juu ya Meza

Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha makala ambayo mwandishi wake wa kwanza alikuwa Tenio Popmintchev, wa kundi la Margaret Murnane na Henry Kapteyn huko Boulder, Colorado, yakieleza jinsi mapigo ya leza, yaliyopitishwa katika gesi ya heliamu kwenye maabara ya chuo kikuu cha ufundi cha Vienna, yalivyozaa miale ya eksirei yenye mpango na mwelekeo mmoja mithili ya leza yenyewe. Habari hiyo ilisifiwa aghalabu kwa hesabu yake, maana chembe zaidi ya 5,000 za nuru ya infraredi ziliungana kuwa chembe moja ya eksirei; bali kwa maoni yangu hikima ya kazi ile imo katika kukubali hasara ambayo watu wengi waliikimbia.

Tangu mwaka 1987, Anne L'Huillier na wenzake walipofanya majaribio yao Saclay, Ufaransa, ilikuwa dhahiri kwamba leza kali ikipita katika gesi adimu huzaa nuru za mawimbi mafupi mno kuliko wimbi la leza yenyewe. Na mwaka 1993 Paul Corkum akabainisha sababu. Wimbi huing'oa elektroni katika atomu yake na kuichukua mbali, kisha likigeuka huirudisha kwa kishindo, na nishati iliyochumwa safarini hutoka kwa umbo la nuru. Kadiri wimbi la leza lilivyo refu, ndivyo elektroni ipatavyo muda wa kuchuma, hata wimbi likirefuka mara mbili nishati ya safari huongezeka mara nne. Walakini safari ndefu huitawanya elektroni njiani, na nafasi ya kukutana tena na atomu iliyoiacha hupungua vibaya. Ndiyo maana wengi walibaki na mawimbi mafupi, wakatafuta nishati kwa kuongeza ukali wa leza.

Ukali huo una balaa yake. Atomu nyingi hupokonywa elektroni zake, na elektroni zilizo huru huyaharakisha matuta ya wimbi la leza hata yakaitangulia eksirei iliyokwisha zaliwa, ikawa mchango wa atomu ya mbele unafuta mchango wa atomu ya nyuma. Mabaharia wanaopandisha foromali wanalijua jambo hili: kamba haiendi kwa nguvu za mikono pekee, sharti wote wavute kwa mwito mmoja. Kundi la Murnane na Kapteyn lilikwisha onyesha njia mwaka 1998, kwa kutia argoni ndani ya mrija mwembamba wa kioo na kurekebisha kanieneo yake, hata atomu zilizo nzima, ambazo hulichelewesha wimbi, zikawa mizani moja na elektroni huru.

Huko Vienna walitwaa leza ya mikromita 3.9, takriban mara tano ya ile ya kawaida ya 0.8, na hasara ya atomu moja moja wakailipa kwa wingi wa atomu: heliamu ilishindiliwa hata kufikia kanieneo 80 za angahewa, nayo, kwa bahati njema, haizuii sana eksirei ya namna hiyo. Lakini mtu na autazame mrija wenyewe. Ndani yake mna gesi iliyoshindiliwa hivyo, ilhali mbele kidogo sharti pawe ombwe, kwa kuwa hewa ingeimeza eksirei. Basi pampu huivuta gesi inayotoroka bila kupumzika, na bamba jembamba la madini huizuia leza, likaiacha eksirei ipite.

Miale iliyopatikana ilizidi kiloelektronivolti 1.6, nayo yatosha kuzitambua atomu za chuma, kobalti na nikeli kila moja kwa alama yake, jambo lenye manufaa makubwa kwa wachunguzi wa sumaku. Upana wa rangi zake, kwa hesabu, waweza kubeba pigo la atosekunde 2.5, ingawa kuhesabu si kupima. Na leza ile ilipiga mara 20 tu kwa sekunde, kwa hiyo eksirei iliyokusanywa ilikuwa haba. Aliyetaka wakati ule kupiga picha kwa nuru hiyo hakuwa na budi kwanza kuunda leza ya infraredi yenye nguvu zilezile, ipigayo mara elfu na zaidi.