Mwili hauzoei dawa, bakteria ndio huwa sugu

NIKIWA Kithimani, Kaunti ya Machakos, nilimsikia mteja katika duka la dawa akisema: "Hiyo hainishiki tena, daktari. Mwili ushaizoea. Nipe ingine kali." Mwalimu wa sarufi angekimbilia kusahihisha "ingine" iwe "nyingine". Kosa hilo halimdhuru mtu. Linalodhuru ni "mwili ushaizoea".

Kiuavijasumu hulenga bakteria, na anayebadilika ni huyo bakteria. Anayedhani mwili wake ndio uliozoea huuona usugu kuwa shida yake binafsi. Kumbe bakteria sugu aweza kumhamia jirani ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha dawa hiyo.

Sisi waandishi nasi tuna letu. Tunaandika kwamba bakteria "hujibadilisha ili kukwepa dawa". Kiambishi -ji- na neno "ili" vinampa kiumbe huyo nia asiyokuwa nayo. Mwaka 1943, Salvador Luria na Max Delbrück, wakitumia virusi vinavyoshambulia bakteria, walionyesha kuwa mabadiliko ya jeni yaletayo usugu hutokea kwa nasibu, hata kabla ya bakteria kukutana na adui. Dawa haimfundishi bakteria kitu; huua wanyonge, ikawaachia uwanja waliokwisha kubadilika. Basi tuseme "hubadilika", si "hujibadilisha".

Hata neno "sugu" lina mtego. Sugu ni ile ngozi ngumu kiganjani mwa mshika jembe, na wakulima wa Kithimani wanaijua. Huja polepole kwa kusuguliwa. Usugu wa bakteria hauji hivyo. Sisemi tulitupe neno, ila tulitaje na mwenyewe. Tunaposema "usugu wa dawa", ni kama dawa ndiyo iliyo kaidi. Watanzania wametushinda hapa: husema "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", kwa kifupi UVIDA.

Kuna pia "kurithi". Ni kweli bakteria akigawanyika, wazao hurithi jeni zake. Lakini tangu 1946, Joshua Lederberg na Edward Tatum walipoonyesha kuwa bakteria hubadilishana jeni, tunajua urithi si njia pekee. Jeni za usugu husafiri ndani ya plasmidi, vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria humpa mwenzake, hata wa spishi nyingine. Hapa Kenya, watafiti wa KEMRI wameeleza bakteria wa homa ya matumbo waliobeba usugu dhidi ya dawa kadhaa katika plasmidi moja. Huko si kurithi. Mrithi husubiri mzazi, ilhali hawa hupeana wakiwa hai, jirani kwa jirani. Napendekeza "kupokezana jeni", kama wakimbiaji wapokezanavyo kijiti.

Neno huelekeza tendo. Anayesema "mwili umezoea" huomba dawa kali zaidi. Anayesema "huenda bakteria hawa ni sugu" huomba apimwe kwanza.