Mashine Inanguruma, Boti Haiendi

Boti ya faiba yenye mashine ya stroki nne, hosipawa 60, imepoteza mwendo. Nahodha anasema mashine imechoka, fundi anashika spana na kufungua tapeti kava. Hapo ndipo pesa za wavuvi wengi hupotea bure. Kabla ya kufungua chochote, boti ipakiwe mzigo wake wa kawaida, ivutwe resi hadi mwisho, kisha isomwe geji ya mizunguko.

Kiwango kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Nyingi za ukubwa huu hutakiwa kufika kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika. Ikipita hapo na boti haisogei, tafuta tatizo kwenye propela. Ikishindwa kufika, ama mashine imeelemewa, ama imepoteza nguvu ndani.

Propela nyingi zina bushi ya mpira katikati, ili pezi likigonga mwamba mpira uteleze na gia zipone. Mpira ukichoka huteleza hata pasipo mwamba: boti huondoka vizuri, ukiongeza resi inanguruma na mwendo hauongezeki. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi kwenye mwili wa propela, kisha nenda ukaijaribu baharini. Ukirudi ukakuta mstari umeachana, bushi imekwisha. Propela ikiwa nje, kagua pia shafti. Mshipi wa nailoni hujisokota pale na kukata sili. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia.

Mizunguko ikiwa midogo, soma namba za propela. 11 kwa 13 maana yake kipenyo ni inchi 11 na pichi inchi 13, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini. Ukipunguza pichi kwa inchi 1, mashine huongeza takriban mizunguko 200. Boti ya kubeba barafu na samaki haifai kufungwa pichi ya boti nyepesi ya kutembeza wageni. Tazama na chini ya boti kama pana mwani ulioganda.

Yote hayo yakiwa sawa, sasa pima kompresheni: plagi zote nje, resi wazi, silinda moja baada ya nyingine. Mbili zinazopakana zikiwa chini, shuku gasketi ya hedi. Ikiwa ni moja, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda ni ringi. Isipopanda, shuku valvu.

Tapeti inayogonga hutafutwa haraka kwa sababu inasikika. Mimi naiogopa zaidi iliyo kimya. Kiti cha valvu kinapolika, valvu huzama kwenye hedi na nafasi ya tapeti hubana, hadi valvu ya ekzosi inashindwa kufunga mashine ikipata moto. Valvu hupoa kwa kukalia kiti chake, isipokikalia huungua.

Pima nafasi hiyo kwa fila geji mashine ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mkandamizo. Ekzosi hupewa nafasi kubwa kuliko ya kuvuta hewa, maana hupata moto zaidi na kurefuka. Flaiwili izungushwe upande wake wa kazi tu. Ukiirudisha nyuma, mapezi ya mpira ya pampu ya maji hupinda vibaya.

Ukishaseti, pima kompresheni upya. Silinda ikibaki chini, valvu imeshaungua na hedi lazima ishuke.