Joy Adamson na Sura za Watu wa Kenya

Msomaji, yamkini jina la Joy Adamson umelisikia kwa sababu ya simba jike Elsa, ambaye habari zake alizitoa kitabuni mwaka 1960, na ambaye kwa jina lake alianzisha mfuko wa kuhifadhi wanyama mwaka 1963. Simba huyo amemfunika mchoraji. Nami nataka umtazame mchoraji.

Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, ambao leo huitwa Opava, nchini Cheki. Alifika Kenya mwaka 1937, akaanza kwa kuchora maua. Na mtu achoraye maua kwa ajili ya wataalamu wa mimea hana ruhusa ya kukosea hata idadi ya petali. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, maana mavazi hayo yalikuwa yakitoweka upesi. Akasafiri miaka kadhaa, akachora mamia ya picha za rangi za maji.

Zichunguze. Kila safu ya ushanga imo, kila kikuku, kila unyoya wa kilembani. Ndewe za masikio zimechorwa kwa uangalifu uleule aliolipa ua. Katika jambo hili simwoni mpinzani wake.

Lakini siku moja mwanafunzi wangu alikodolea macho picha ya mzee mmoja, akaniuliza, "Mwalimu, huyu mzee amekaa wapi?" Sikuwa na jibu. Nyuma ya wengi wao hamna kitu: si boma, si ng'ombe, si njia. Ni karatasi tupu, kama ua lililokatwa shinani. Tena kumbuka kwamba tangu Oktoba 1952 nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, na maelfu walitiwa vizuizini. Picha hizi hazina habari nao, wala hazina habari na karani au mfanyakazi wa reli. Ni kweli, hakuagizwa kuwachora hao. Ila agizo haliwezi kubeba lawama yote.

Hata hivyo, ziko nyuso zilizomshinda mwenye agizo. Ukizikuta katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, simama mbali kidogo, inua kiganja chako uzibe mapambo, yabaki macho tu. Kisha amua mwenyewe kama aliyechorwa ni mtu au ni vazi.