Salamu katika Barua za Askari wa Vita vya 1939–1945

Sisi walimu wa Kiswahili tuna ugomvi wa siku nyingi na barua za vijijini. Twasema barua hizo zina kichwa kikubwa na kiwiliwili kidogo: ukurasa mzima ni salamu, na habari yenyewe huja mwisho, imebanwa pembeni karibu na jina la mwandishi. Darasani twafundisha kinyume chake. Anwani juu, tarehe chini yake, salamu mstari mmoja, kisha habari. Nami nimefundisha hivyo miaka mingi, na kalamu yangu nyekundu imefuta majina ya mashangazi na wajomba wasiohesabika. Nilianza kuona shaka nilipozitazama kwa makini barua za askari wetu wa vita vile vikubwa, hasa zile walizoandikiana na marafiki zao waliobaki kijijini. Nataka kuieleza shaka hiyo hapa, kwa kuwa nadhani sehemu tuliyozoea kuikata na kuitupa ndiyo sehemu iliyo bora.

Kwanza na tukumbuke mambo yalivyokuwa. Watu zaidi ya 300,000 wa Afrika ya Mashariki waliingia jeshini, wengine wakawa askari wa Keya, wengine madereva, wapagazi, wapishi na watumishi wa hospitali. Walipigana Uhabeshi mpaka Gondar ilipoanguka Novemba 1941. Walivuka bahari kwenda Bukini mwaka wa 1942. Na tangu 1943 wengi walipelekwa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, wajifunze vita vya msituni. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika Burma, wakati wa mvua za kusi, magari yakizama katika matope, hata ikaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwanzo wa Desemba. Miaka yote hiyo uzi uliomfunga mtu na kwao ulikuwa karatasi.

Karatasi hiyo ilipita mikono mingi. Askari asiyejua kuandika aliketi na mwenzake aliyesoma shule ya misheni, au aliyejifunza kusoma humo humo jeshini kwa walimu wa kikosi cha elimu, akamwambia maneno yake. Afisa wake aliisoma kabla bahasha haijafungwa. Wakaguzi wa barua wa jeshi waliweza kuisoma tena. Ilisafiri kwa meli, ikafika posta, ikapelekwa bomani au misheni au kwenye duka la njia panda, na mwisho ikasomwa kwa sauti na mwalimu au kijana wa shule, watu wa mji wamekaa barazani wakisikiliza. Kwa hiyo barua ya rafiki kwa rafiki haikuwa barua ya watu wawili hata kidogo. Yeyote atakayeilaumu kwa kuwa haina siri, na ajiulize kwanza siri hiyo ingewekwa wapi.

Kuna jambo jingine, nalo lawapasa wale wanaoandika historia. Mengi tunayoyajua juu ya barua hizo yametoka katika taarifa za wakaguzi. Makarani wa ukaguzi walikuwa na kazi yao: kutafuta manung'uniko juu ya mshahara, chakula, likizo, wake walioachwa nyumbani, na maneno yoyote yenye harufu ya siasa. Walipoyapata waliyanakili, aghalabu kwa Kiingereza, wakaacha mengine. Siwalaumu, maana hawakuajiriwa kupenda fasihi. Lakini matokeo yake ni kwamba msomaji wa leo huletewa barua iliyokatwa kichwa. Husoma lalamiko tupu, bila majina yaliyotangulia mbele yake, akadhani askari yule alikuwa mtu wa kulalamika tu. Salamu zilikatwa kwanza na karani wa vita, kisha na mwalimu wa shule, na wote wawili walidhani wanaondoa makapi.

Ili nionyeshe ninalosema, natunga hapa barua ya mfano. Si ya mtu fulani. Nimeishona kwa maneno yaliyokuwa yakitumiwa na watu wote, nikamweka mwandishi wake katika nchi ya minazi iliyo chini ya milima ya Usambara.

«Kwa ndugu yangu mpenzi. Salamu sana. Baada ya salamu nakuarifu ya kuwa mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu ninyi mlioko huko. Nisalimie baba na mama. Nisalimie mjomba na watu wa nyumbani kwake. Nisalimie bibi, mwambie naikumbuka mbuzi yake ya nazi iliyovunjika mguu. Nisalimie mwalimu. Nisalimie vijana wote tuliocheza ngoma pamoja. Nisalimie mke wangu na mtoto, nao uwatazame. Nisalimie na ule mwembe wa kisimani. Huku mvua ni nyingi. Fedha nimepeleka. Wasalaam, ndimi rafiki yako.»

Mwanafunzi wangu wa zamani angeihesabu barua hii kuwa na habari mbili: mvua, na fedha. Na tuitazame tena polepole.

«Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu.» Wageni wengi wameyacheka maneno haya. Mtu yuko chini ya mizinga, naye asema hofu ni juu ya wale wanaolima mihogo! Wakati wa amani maneno hayo ni desturi, kama kubisha hodi. Lakini wakati wa vita yalirudiwa na maana yake ya asili. Askari aliijua hali yake mwenyewe. Hali ya kwao hakuijua. Mwaka wa 1943 sehemu nyingi za Kenya na Tanganyika zilipatwa na njaa, na habari za njaa hufika jeshini vipande vipande, kila mtu akiongeza chumvi yake. Hofu ilikuwa kwao kweli kweli. Desturi ilikuwa imemwekea maneno tayari, akayakuta siku alipoyahitaji, wala mkaguzi hakuona ndani yake neno la kufuta.

Kisha orodha. Barua yaandikwa kwa rafiki, lakini baba na mama watangulia, maana rafiki huyu yuko mahali pa mwana: ndiye atakayekwenda nyumba kwa nyumba kuzifikisha salamu. Twakosea tukidhani orodha ni kutajataja majina tu. Kila jina ni safari. Rafiki asikiapo «nisalimie mjomba» amepewa amri ya kwenda kwa mjomba, kuketi, kula kitu, na kutazama kama paa lavuja. Na aliyeachwa katika orodha amesikia naye, kwa kuwa barua husomwa mbele ya watu. Kumsahau mtu ni kumtukana hadharani. Kwa sababu hiyo askari alipanga majina yake kwa uangalifu kuliko alivyopanga habari zake. Nami naamini kwamba mtu aliyelala katika hema lenye kuvuja, akipita moyoni nyumba hata nyumba bila kuruka mlango, alikuwa akifanya jambo lililomsaidia yeye mwenyewe pia.

Mbuzi ya nazi iliyovunjika mguu ni kitu kidogo, lakini ina kazi. Mwandishi aliyeshika kalamu hakumjua bibi yule. Huenda alikuwa mtu wa Nyasa au wa Ukambani, naye siku ile ile aliwaandikia askari wengine kumi kwa maneno yale yale. Mzee barazani asikiapo habari za mbuzi yake, ajua kwamba mjukuu mwenyewe amesema, wala si karani. Ni kama muhuri.

«Nao uwatazame.» Hapa ndipo penye uzito wa barua nzima. Sehemu ya mshahara wa askari ilikatwa jeshini ikalipwa kwa jamaa zake, na hapana jambo lililoleta uchungu mwingi kama fedha hiyo: imelipwa kwa nani, imeliwa na nani, mke amepata nini. Kuhusu mke mwenyewe, mambo aliyoyaogofya mume hayasemeki mbele ya mwandishi, na afisa, na baba mkwe aliyekaa barazani akisikiliza. Kwa hiyo alisema neno moja, kwa sauti ile ile aliyosalimia mwalimu. Rafiki alilielewa. Barua ya baba isingeweza kubeba neno hilo. Baba huandikiwa kwa heshima, na pengine baba ndiye aliyezila fedha.

Na mwembe? Mwembe hausalimiwi. Baraza nzima ilicheka hapo, nadhani, ikapita. Lakini watu wawili walijua kilichotendeka au kusemwa chini ya mwembe ule, na mmoja wao alikuwa ndiye aliyeandikiwa. Nimetafuta njia bora ya kuweka neno la siri katika barua inayosomwa na watu wote, sijaiona.

Nisije nikadhaniwa kuwa nasifu kila kitu. Barua hizi zina makosa, na makubwa yake hayako kwenye salamu. Kiswahili cha Keya kilitupa ngeli njiani kama mtu atupavyo mzigo. Hilo halinisumbui sana, kwa sababu kilisema alichotaka kusema. Kibaya zaidi ni ule ufasaha wa kukopa ofisini, mwandishi anapotaka kumwonyesha askari kwamba kalamu yake imesoma: «nakuarifu kwa heshima na taadhima ya kuwa nimeona vema nikuarifu.» Humo mwenye barua hayumo kabisa. Kuna pia barua zilizofanywa mithali tupu, hata mtu hajui kama mwandishi ana njaa au ameshiba. Na maneno «mimi ni mzima» yalisemwa mara nyingi na watu waliolala hospitali, jambo ambalo naweza kulisamehe, lakini mtu anayetaka kujua habari za afya za jeshi asiyategemee.

Atakayesema kwamba salamu ndefu ni ujinga wa watu wasiosoma, na azitazame barua za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zile alizozikusanya Büttner na kuzichapisha Berlin mwaka wa 1892. Hizo ziliandikwa na wenye elimu, na salamu zake zina taratibu ya cheo, urafiki na dua ambayo mtu alijifunza kama ajifunzavyo adabu ya kula. Askari wa bara, aliyeandika kwa herufi za Kirumi alizozipata kwetu, alirithi adabu hiyo bila kujua imetoka wapi. Kwa upande wa pili ziko barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za tangu 1931 hata 1958, zilizochapwa Dar es Salaam mwaka wa 2002. Zinaipita miaka ile ile ya vita. Lakini Shaaban Robert alikuwa na kalamu yake mwenyewe, na aliyemwandikia aliweza kuisoma peke yake, hakuhitaji mwembe. Tukizipima barua za askari kwa kipimo cha barua zile, twapima ngoma kwa kipimo cha tenzi.

Nasema haya kwa sababu ya kazi iliyo mbele yetu. Katika nyumba nyingi bado imo mikebe yenye barua za vita vile, nayo mchwa na mvua havingoji. Ndugu wanaozinakili kwa ajili ya makumbusho ya parokia, au kwa wajukuu wanaotaka kujua, huniambia kwamba wameandika «mambo ya maana tu». Nawasihi wanakili yote, jina kwa jina, kwa utaratibu ule ule. Majina yakipunguzwa, barua ya pili haitafahamika.

Maana majibu nayo yalikuwa na desturi yake. Wazee wetu hawakupenda kumpasha msafiri habari ya kifo kwa karatasi, kwa kuwa atalia peke yake, hana wa kumshika. Twaweza kubishana kama desturi hiyo ilikuwa njema. Wapo askari waliorudi mwaka wa 1946 wakapokewa na kaburi. Wengine majibu hayakuwakuta. Februari 12, 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Barua zilizokuwa njiani kwenda kwao hazikupata wa kuzisoma, na wasio na kaburi wakaandikwa majina yao katika ukumbusho ulioko Nairobi. Lakini pale ambapo barua zilikwenda na kurudi, rafiki aliyekatazwa kusema alikuwa na njia.

Turudi kwa mfano wetu. Rafiki ajibu: sote hatujambo. Baba yako akusalimu sana, na mama yako. Mjomba akusalimu, na watu wake. Mwalimu akusalimu. Vijana wa ngoma wakusalimu. Mkeo akusalimu, na mtoto ameota meno. Fedha imefika mikononi mwake mwenyewe. Mwembe umezaa. Wasalaam.

Askari aliyesomewa barua hii kambini aliyasikiliza majina kama mtu ahesabuye mbuzi jioni wanapoingia zizini. Hakuuliza kitu. Akangoja zamu yake kwa mwandishi, akaandikisha barua nyingine, yenye baba, na mama, na mjomba, na mwalimu, na vijana wote, na mke, na mtoto, na mwembe. Mbuzi ya nazi hakuitaja tena.