Kuzima Kichocheo cha Ubongo Hakuondoi Waya

Mgonjwa wa Parkinson aliyewekewa kichocheo cha ubongo hutoka hospitalini na kadi ya utambulisho na rimoti ya kuwashia na kuzimia. Rimoti hiyo humpa imani kwamba akikaribia mashine asiyoielewa, atazima na atakuwa salama. Imani hiyo ina ukweli nusu. Rimoti hutawala umeme unaotoka kwenye betri tu, ilhali ajali mbaya zaidi zimesababishwa na umeme ulioingia kutoka nje.

Betri hukaa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga. Waya hupanda shingoni na nyuma ya sikio, kisha huzama ndani ya ubongo na kuishia kwenye elektrodi, ambayo vipande vyake vya metali vina urefu wa milimita 1.5 hivi katika mifano ya kawaida. Mwaka 2001 jarida la Neurology lilieleza kisa cha mgonjwa aliyeng'olewa meno, kisha akapewa diathemi, yaani tiba ya joto kwa mawimbi ya redio. Tiba ililenga taya, lakini kilichoharibika ni ubongo, kuzunguka elektrodi. Diathemi ya mawimbi mafupi hutumia megahezi 27.12. Waya mrefu hunasa mawimbi hayo, na mkondo wote unaozaliwa hulazimika kutokea kwenye vipande vile vidogo, kwa hiyo joto hukusanyika hapo hapo. Ukizima redio, antena haishuki paani. Ndiyo maana mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipotoa tahadhari Desemba 2002 baada ya taarifa za vifo, ilisisitiza kwamba madhara yanaweza kutokea hata kifaa kikiwa kimezimwa, na hata kama betri imetolewa na waya pekee umebaki mwilini.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani, kwa kuwa sasa kuna vichocheo vilivyoidhinishwa kwa kipimo cha MRI cha mwili mzima. Ni kweli, lakini idhini ina masharti: aina ya betri, aina ya waya, nguvu ya sumaku, koili inayorusha mawimbi. Aliyebadilishiwa betri akabakiziwa waya wa zamani, au ambaye waya wake umekatika, hawezi kudai idhini hiyo kwa sababu tu betri ni mpya. Kisa kilichochapishwa mwaka 2005 kinaonyesha gharama ya kupuuza masharti: mgonjwa alipigwa MRI ya kiuno, mbali kabisa na kichwa, akavuja damu ubongoni kandokando ya elektrodi na kupooza.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka Zurich. Madaktari wa huko waliripoti wagonjwa tisa, waogeleaji wazuri, waliopoteza uwezo wa kuogelea baada ya kuwekewa kichocheo. Watatu walipozima, waliogelea tena papo hapo. Je, si ushahidi kwamba kuzima kunafaa? Kunafaa pale chanzo kinapokuwa msisimko wenyewe, na hapo ndipo mpaka wa rimoti unapoonekana wazi. Hata hivyo wote watatu waliwasha tena upesi, maana dalili nyingine zilirudi; kwa baadhi ya wagonjwa, kukaa muda mrefu bila msisimko huleta ukakamavu unaoweza kuhatarisha maisha. Kwa hiyo kinga yao majini ni kutoingia kwenye kina kirefu bila msimamizi, hadi wapimwe.

Si kila mashine iogopwe. Lango la ukaguzi uwanja wa ndege kwa kawaida linahitaji kadi na hatua zisizosita. Shida ya sumaku kuzima kifaa ilikuwa zaidi ya mifano ya zamani. Diathemi nayo ina mbadala rahisi, kwa mfano taulo la moto. Tatizo ni kwamba anayetibu goti au jino hana sababu ya kuuliza habari za kichwa, na kovu limefunikwa na nywele. Kwa hiyo kadi itolewe mapokezini, kabla mashine yoyote haijawashwa, na swali la kwanza lihusu waya: upo wa aina gani, na umepita wapi.